Nipo, Niko, Yumo

Mapera,
Jumapili, jua likishuka.

Mwanangu Deogratias,

Barua ya kirafiki huanza kwa kujuliana hali. Hivyo ndivyo nilivyofundisha miaka yote ya kazi yangu, lakini leo uniruhusu niruke hatua hiyo. Hali yako ninaijua, kwa kuwa ninakusikia uani ukifunga sanduku pamoja na baba yako, mkibishana juu ya kufuli. Hali yangu ni hii: ninaogopa.

Sitaandika juu ya sabuni, soksi wala nauli. Hayo baba yako ameyasema mara nyingi hata umeanza kumjibu kabla hajamaliza. Wala sitaandika kwamba usome kwa bidii. Sentensi hiyo haina kosa lolote la sarufi, na sikumbuki mtoto hata mmoja aliyesaidiwa nayo.

Kesho asubuhi utateremka Lituhi. Shule iliyokubali kukupokea kwa kidato cha nne ipo karibu na maji, na haina mwalimu wa hesabu wala wa fizikia. Masomo hayo hufundishwa kwa kioo: mwalimu yuko mjini, anasema mbele ya kamera, nanyi mnamtazama ukutani. Kwa hiyo ninaogopa kioo, na ninaogopa ziwa. Kwa mtu mwingine hayo ni mambo mawili. Kwangu ni moja, kwa sababu mwaka jana ulitoka kwenye kioo ukaenda ziwani, na mimi niliyekuwa nimeketi upande wa pili wa ukuta sikujua.

Hatujawahi kulizungumza jambo lile kutoka mwanzo hadi mwisho. Nitalieleza kama nilivyoliona mimi. Yapo yaliyo kwako ambayo siyajui.

Upepo ulipoezua bweni la shule yenu ya zamani na wanafunzi mkarudishwa nyumbani, mkuu wa shule aliamua kwamba masomo yaendelee kwa simu. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa katika likizo ya uzazi, basi akanipigia mimi mstaafu. Nilifurahi kuliko ilivyostahili. Nilivaa sketi yangu ya kazini, nikaketi kwenye meza ya sebuleni, nikaifuta simu kama nilivyozoea kufuta ubao, na nikaanza kuita majina katika kundi la wasapu. Kila aliyeitwa alipaswa kuandika neno moja.

Siku ya kwanza ilipofika zamu yako, uliandika: "Niko."

Nikakujibu mbele ya darasa zima. Ninayakumbuka maneno yangu yote: "Deogratias, -po ni ya mahali dhahiri, -ko ni ya mahali kusiko dhahiri, -mo ni ya ndani. Wewe unajua ulipo na mimi ninajua ulipo. Andika upya." Ukaandika: "Nipo." Wenzako wakatuma vile vikatuni vya kucheka. Mimi pia nilitabasamu, peke yangu sebuleni, kwa kuona kwamba somo limeingia.

Kuanzia hapo kila asubuhi uliandika "Nipo", bila kuchelewa na bila kukosea. Wenzako nao walifanya hivyo hivyo. Nikampigia mkuu wa shule kumwambia kwamba mahudhurio ni kamili. Nilijivuna, mwanangu. Ubao wa darasani ulikuwa haujawahi kunipa utii wa namna ile. Darasani wapo wanaosinzia, wapo wanaotazama nje, yupo anayelia kimyakimya kwenye dawati la nyuma, na mwalimu hulazimika kuwaona wote hao. Kwenye simu niliona neno lenye herufi nne, limeandikwa vizuri.

Asubuhi ile uliyoondoka baba yako alikuwa uani akimenya kahawa kwa mashine. Uliitika "Nipo" kama kawaida, nami nikaanza kueleza sentensi ambatano. Mara nikasikia:

"Mama Deo, niitie huyo mvulana aje ashike mpini wa mashine."

"Yupo darasani. Ameitika sasa hivi."

Mashine ikanyamaza. Nikasikia mlango wa chumba chako, kisha sauti ya baba yako.

"Yupo wapi? Kitanda kipo, shuka lipo, yeye hayupo."

"Baba Deo, nimesema ameitika!"

"Basi labda ameitika kutoka chini ya kitanda. Njoo unioneshe."

Sikwenda. Hili ndilo ninalotaka ulijue kutoka kwangu. Nilimaliza kwanza mfano niliokuwa nikiueleza, kwa sababu sikutaka kuukata katikati. Nilimwamini "Nipo" kuliko nilivyomwamini mume wangu aliyekuwa amesimama mbele ya kitanda kitupu. Nilipoinuka hatimaye na kukupigia, simu yako ilikuwa imezimwa.

Baba yako alikwenda kukutafuta kwa ndugu zake Mbinga mjini. Mimi nilibaki nikiuliza barabarani hadi nikampata dereva wa lori la mahindi aliyekupakia hadi Lituhi. Hakuwa na habari kwamba ulikuwa umetoroka. "Mama, kijana mwenyewe alikuwa na adabu," alisema. "Tulipofika Litumbandyosi nikasimama kufunga turubai, akatoa simu, akaandika kitu, akacheka kidogo, akaizima." Kitu hicho kilikuwa "Nipo". Uliniandikia ukiwa umeketi juu ya magunia. Kumbe ile "Niko" ya siku ya kwanza ndiyo iliyokuwa sahihi, maana tayari ulikuwa mahali nisikokujua. Mimi nikakusahihisha hadi ukajua kunidanganya kwa ufasaha.

Siku iliyofuata niliteremka na gari la kwanza. Unanijua mimi na maji. Nimezaliwa mlimani, hata mvua ninaitazama kwa mashaka. Pale Lituhi niliwakuta wanawake wakianika dagaa wa usipa mchangani. Wakanisalimu, nikaitika, nikaeleza ninayemtafuta.

"Yule Mmatengo wa mlimani?" akauliza mmoja wao, mwenye mtoto mgongoni. "Mrefu, mwoga wa maji kama paka?"

"Huyo huyo. Yuko wapi?"

Akanyoosha mkono wenye magamba ya samaki kuelekea mbele. "Yumo ziwani."

Nimefundisha -po, -ko na -mo tangu wewe hujazaliwa. Nimetoa mifano ya maji mtungini na nguo sandukuni. Sikuwahi kulisikia neno "yumo" hadi siku ile. Mwanamke yule akanisogezea kigoda.

"Kaa, Mama. Ziwa halisukumwi kwa macho."

Mitumbwi ilipaswa kurudi asubuhi, lakini upepo ulikuwa umebadilika. Nilikaa. Wale wanawake walicheka, wakasengenya, wakageuza usipa, na kila mara mmoja wao aliinua kichwa, akatazama mbali, akakiinamisha tena. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba wao pia waliogopa. Nilijaribu kusali na sikuweza kufika mwisho wa sala. Nilikuwa nikirudia katika kichwa changu majina ya darasa zima, kwa mpangilio wa alfabeti, na kila nilipofika kwako nilianza upya.

Mlirudi jua likiwa limevuka utosi. Ulishuka majini hadi mapajani, midomo imekauka, mikono imechubuka kwa kamba. Ukaniona. Ukasema, "Mama, niko hapa."

Nami nikasema, "Nipo hapa."

Mungu anisamehe. Ndilo neno la kwanza nililokwambia. Mwenye mtumbwi, aliyekuwa akivuta nyavu, aliuacha mkono wake hewani.

"Mama wee! Mtoto katoka kwenye maji, unampa mtihani?"

Watu wote wakaangua kicheko, hata mimi nikacheka. Wewe hukucheka. Nyumbani nilipokuuliza kwa nini uliondoka, ulijibu, "Basi tu." Kwa mwaka mzima jibu lako limekuwa hilo.

Kilichofuata unakijua, ila hujui jinsi nilivyofikiri. Nilimwambia mkuu wa shule ukweli wote mimi mwenyewe, kwamba ulikuwa ukiitika bila kuwapo. Nililelewa hivyo, sikuona njia nyingine. Wakakuacha umalize kidato cha tatu, kisha wakasema utafutiwe shule nyingine. Bado ninaamini kwamba ukweli ulipaswa kusemwa. Siamini tena kwamba mimi ndiye niliyepaswa kuusema kabla sijakuuliza unachojua wewe.

Darasa la simu liliendelea hadi bweni lilipoezekwa, lakini niliacha kuita majina. Nilinunua bando na vocha, nikaanza kumpigia mwanafunzi mmoja mmoja. Sikuanza na somo. Nilimuuliza kila mmoja ameketi wapi, anaona nini mbele yake, simu ni ya nani. Nilipompigia Skolastika, yule msichana wenu wa mbele, nilikutana na sauti nzito ya mwanamke na kelele za sokoni.

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama yake."

"Marahaba. Skolastika yupo?"

"Skola yuko nyumbani, Mwalimu. Simu ni moja, nami naihitaji huku kwenye biashara. Nimekuwa nikiitika mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Usinikasirikie. Ila ile ngeli ya KI-VI nimeielewa vizuri sana, hata hapa kwenye maharage tunaambizana."

Nilicheka hadi nikalia, Deo, halafu nikalia bila kucheka. Mtoto niliyemhesabu kuwa mwanafunzi bora wa kundi hakuwa amesikia somo hata moja. Tukahamisha masomo yafanyike jioni, simu zinaporudi nyumbani. Waliokaa jirani nikawataka waketi pamoja kwenye simu moja. Nikaweka kanuni moja tu: kila mmoja alete swali, na asiye na swali ndiye nitakayempigia kwanza, kwa maana huyo ndiye aliye hatarini. Zamani nilidhani asiye na swali ameelewa.

Hatukuwapata wote. Yupo mvulana ambaye simu yake iliita siku nyingi, kisha ikaacha kuita, na hadi leo sijui aliko. Ninapoamka alfajiri ninamkumbuka kabla sijakukumbuka wewe, na ninaona aibu, halafu ninakuja kusikiliza mlangoni kwako kama unapumua.

Kwa hiyo unaweza kufikiri nilivyojihisi juzi nilipoteremka kupeleka karatasi zako kwenye shule mpya, wakaniruhusu niketi nyuma ya darasa la kioo. Mwalimu wa hesabu alikuwa ukutani. Ni kijana mzuri, anaeleza polepole, nami simlaumu. Kutoka huko aliko anawaona kama punje za mahindi kwenye ungo. Akauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima likaitika, "Ndiyooo!" Akauliza tena jambo jingine, na hapo mtandao ukakatika. Uso ukaganda, mdomo wazi, mkono mmoja juu. Wanafunzi wakangoja. Kisha mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Ndiyo," na wengine wakamfuata. Waliiitikia picha, mwanangu.

"Mwalimu amekuwa sanamu," akasema mmoja wa nyuma. "Tumwashie mshumaa."

Wakacheka sana, na wakati wanacheka nilizitazama daftari zao. Nyingi zilikuwa na kichwa cha somo na tarehe, basi.

Darasa lile husimamiwa na Mwalimu Tekla, binti mdogo aliyesomea jiografia. Nilimfuata mlangoni.

"Wanaelewa?"

"Wanaitikia, Mama."

"Sikukuuliza hilo."

"Najua. Ndiyo maana nimekujibu hivyo."

Nilimpenda papo hapo, na niliogopa zaidi. Aliniambia kwamba hesabu si somo lake, kwamba jioni huzisoma kwanza yeye ili kesho yake aweze kumsaidia atakayemfuata, na kwamba wanaomfuata ni wachache, na daima ni wale wale wanaojua. Dirisha la chumba kile linatazama maji. Niliona mitumbwi kutoka kwenye dawati la nyuma. Nilijua wewe utachagua dawati lipi.

Nilipopanda gari kurudi niliamua kumwambia baba yako kwamba usiende. Nilikuwa na sababu zote, nimezipanga. Akanisikiliza akinoa panga lake, kisha akauliza, "Abaki hapa afanye nini, Mama Deo? Umlinde kama kahawa iliyoanikwa?" Ningekuwa na jibu, barua hii ingekuwa fupi.

Nilikusudia kuandika hapa yale niliyojifunza juu ya kusoma kwa kioo, jinsi ya kukaa, jinsi ya kuuliza, na kwamba kioo hakimwoni mtu anayezama mbele yake. Nilikuwa nimeandika mstari wa kwanza wa mawaidha hayo. Nimeufuta, kwa sababu umeingia.

Ulikuja kuomba sindano ushone kifungo. Ukaiona karatasi.

"Unaandika nini, Mama?"

"Barua."

"Ya nani?"

"Yako."

"Ina makosa?"

"Sijaisahihisha."

Ukacheka kidogo, ukaketi kwenye kiti cha baba yako na shati lako mkononi. Nilidhani utashona. Badala yake ulisema, bila kunitazama, "Mama, mimi sehemu sizijui."

"Sehemu gani?"

"Sehemu. Nusu, robo, theluthi. Zile za shule ya msingi. Wanapojumlisha, za juu wanajumlisha, za chini wanazifanyia mambo mengine. Sijui kwa nini. Sijawahi kujua."

"Tangu wakati huo?"

"Tangu wakati huo. Kila mwalimu anaanzia mbele ya hapo. Kwenye simu ndiyo ikawa mbaya kabisa. Nilikuwa naona namba tu zinapita. Kule kwenye mtumbwi angalau mtu anakwambia vuta, unavuta, samaki anaonekana."

"Mbona hukuniambia, baba?"

Ukakata uzi kwa meno. "Ulikuwa unaita majina."

Nilikuwa na maneno mengi. Nilitaka kukwambia kwamba nilikuwa mama yako kabla sijawa mwalimu wako, kwamba mlango ulikuwa wazi, kwamba ungeweza kuja wakati wowote. Yote yalikuwa sahihi na hayakuwa na faida. Nikakuuliza kama ninaweza kumpigia Mwalimu Tekla. Ukaitikia kwa kichwa. Nikampigia ukiwa umeketi pale pale, nikamwambia vile vile ulivyosema, bila kupamba.

"Sehemu?" akasema. "Hizo ninaziweza hata mimi. Aje mapema asubuhi, kabla sijawasha kioo. Na mwambie hatakuwa peke yake, Mama. Wamo wengi wa hivyo humu, ila hakuna aliyewahi kunitajia."

Sasa umerudi uani. Ninasikia mmelipata tundu la kufuli, na baba yako anadai kwamba alilijua tangu mwanzo. Ugali umepoa. Mimi bado ninaogopa, na ninaogopa kwa undani kuliko nilipoanza kuandika, kwa sababu jambo ni la zamani kuliko nilivyodhani, na mwaka uliobaki ni mfupi, na dirisha lile litaendelea kutazama maji. Sitakuficha kwamba kila upepo utakapovuma huku nitatoka nje kutazama upande wa Lituhi, ingawa milima inaniziba nisione kitu.

Lakini tangu utoke humu ninalichambua lile neno lako, kama ninavyochambua kila neno. Sina kazi nyingine ninayoijua. Sizijui. Lina nafsi, nawe ndiye uliyesimama hapo. Lina ukanushi ambao hukuuonea haya. Lina kitendo, na zile sehemu zimekaa katikati yake kwa ukamilifu wake wote. Ni neno moja na ni sentensi kamili. Lipeleke kwa Mwalimu Tekla, ulipeleke kwa yule aliye ukutani, ulitamke kwa sauti hata wakicheka. Nimelisoma na kulisoma tena, na sioni pa kulisahihisha.

Mama yako,
anayekuja sasa hivi kukupakulia chakula.